Brashi za Mpini Mwekundu

Tangu nilipoacha kiti cha kinyozi, vijana wanaonyoa hapa Tunduma hupita nyumbani kwangu kuniuliza swali moja: "Mzee Lameki, ninunue brashi gani?" Kuhusu wembe hawaulizi. Kila mmoja anaamini wembe wake unakata kuliko wote wa mpakani, nami siwabishii. Lakini brashi ya kupakia povu ni kitu ambacho mtu hununua bila kujua anatafuta nini, halafu anakuja kujua baadaye, usoni mwa mteja. Kwa kuwa nimechoka kueleza mlangoni huku chai ikipoa, nimeona niandike.

Nilianza kazi hii nikiwa mtu mzima, nina mke na shamba la mahindi, na mgongo uliokwisha kuchoka kubeba mizigo ya wafanyabiashara. Aliyenifundisha ni Yotamu Simwinga, Mnamwanga mwenzangu na mzee wa kanisa, mtu mrefu aliyeinama mabega kwa sababu ya miaka mingi ya kuzungumza na watu walioketi. Yeye alijifunza kunyoa katika vita vya Wajerumani, alipokuwa mpagazi wa Waingereza. Ofisa mmoja alishikwa na homa, mikono ikamtetemeka, akashindwa kujinyoa. Akamwita mpagazi aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ni Yotamu.

"Niliuogopa ule wembe kuliko risasi," aliniambia. "Risasi ikimpata, si mimi niliyefyatua."

Banda letu lilikuwa kando ya barabara kuu, pale malori yaliposubiri kukaguliwa kabla ya kuvuka kwenda Rodesia. Tuliwanyoa madereva, makarani wa forodha, wakulima wa kahawa walioshuka kutoka Mbozi, na vijana waliorudi kutoka migodi ya shaba wakiwa na masanduku ya bati na ndevu ambazo hakuna aliyezigusa tangu walipoondoka. Kwenye baraza hiyohiyo alishona fundi Saidi, Mwislamu kutoka Tabora, aliyefika Tunduma na cherehani yake kwa nia ya kukaa msimu mmoja na, kwa maneno yake mwenyewe, akasahau kurudi.

Siku ya kwanza nilidhani nitafundishwa kunoa. Yotamu akanipa kibakuli, kipande cha sabuni na brashi kuukuu, akaniambia nikunje suruali.

"Paka goti," akasema.

"Goti, Fundi?"

"Goti halina ndevu wala halisemi. Ukilikosea, hakuna atakayejua."

Nikapaka goti asubuhi nzima. Povu langu la kwanza lilikuwa maji matupu, lilitiririka mpaka kwenye kiatu. La pili lilikuwa zito, likakauka na kupasuka kama chokaa ya ukuta. Wateja waliokuwa wakisubiri walicheka. Saidi aliinua macho kutoka kwenye cherehani akasema, "Jirani, goti hilo sasa linaweza kuitwa mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, bila aibu." Ilipofika mchana povu lilisimama bila kuteremka, na Yotamu alipolitazama hakusema kitu. Baadaye nilijifunza kwamba hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kusifu.

Nilichoelewa kwa kupaka goti ni hiki. Watu wengi hudhani brashi ni ya kusambaza sabuni, na kama ingekuwa hivyo, vidole vingetosha. Brashi huingiza maji kwenye ndevu na kuziinua. Ndevu zetu zinajikunja. Ukizikata zikiwa zimelala, ncha hurudi ndani ya ngozi na kuota humo, na mtu anapata vipele shingoni. Kwa hiyo unazungusha brashi polepole, unaziamsha, ndipo wembe unapita kufuata zilikoelekea. Brashi ngumu sana inakwaruza ngozi kabla hata wembe haujafika. Iliyo laini mno inalala chali na kupakaza povu juujuu, na ndevu chini yake hazina habari.

Yotamu alikuwa na namna yake ya kuchagua. Aliibonyeza brashi nyuma ya kiganja aone kama itainuka yenyewe. Alivuta nywele zake kidogo, maana brashi mpya yoyote itaachia chache, lakini inayoachia kila ukivuta imefungwa na mtu mwenye haraka. Alitazama pale nywele zinapoingia kwenye mpini, akibonyeza kwa ukucha, kwa sababu hapo ndipo maji hujificha na kuozesha. Halafu aliinusa. Muuzaji mmoja Mhindi kule Mbeya aliwahi kumuuliza kama anataka kununua brashi au kuila.

Zile za dukani zilikuwa nyingi za singa za nguruwe, yaani zile nywele ngumu za mgongoni. Zikiwa mpya zinachoma, lakini ukizitumia kwa subira ncha zake zinapasuka na kuwa laini, na zinadumu. Mkinibana niseme moja kwa kinyozi anayeanza, nitasema hiyo, kama wateja wake wanaikubali. Zile za bei kubwa wanazotumia Wazungu ni za mnyama wa kwao, ndugu wa mbali wa nyegere. Zinashika maji mengi na ni laini sana. Nzuri kwa mtu anayejinyoa mwenyewe bila haraka. Kwa banda la barabarani, ambapo dereva ameacha lori linanguruma, sioni faida yake.

Nimkumbuke na karani wa forodha, maana ndiye mteja wangu wa kwanza mgumu. Shingo yake ilikuwa na vipele kama ya kanga. Kila kinyozi alikuwa amejitahidi kumnyoa karibu zaidi ili amridhishe, na kila aliyejitahidi alimuumiza zaidi. Alipofika kwetu Yotamu alimwosha kwa maji ya moto, akampaka povu, akazungusha brashi kwa muda mrefu, akamfuta, akamwambia, "Tayari. Nenda."

"Hujaninyoa!"

"Sijakunyoa. Rudi kesho."

Alirudi akiwa amekasirika, akarudi tena, na kila mara alipakwa povu tu. Vipele vilipolainika na nywele zilizonasa kuanza kuchomoza, Yotamu alinipa mimi wembe, akasimama nyuma yangu. Nilifuata uelekeo wa ndevu na sikurudia mahali. Karani alibaki na kivuli cha ndevu kidevuni na ngozi iliyotulia. Alilalamika kwamba hakunyolewa vizuri, na akaendelea kuja kwetu mpaka alipohamishwa.

Vita vya pili vilipoanza, brashi ziliadimika. Maduka ya Mbeya hayakuletewa. Sabuni yenyewe ilipatikana kwa kuwindwa. Brashi yetu nzuri ilizidi kupungua nywele mpaka ikafanana na kichwa cha mzee. Mkulima mmoja Mzungu wa kahawa aliponiambia kuhusu yule ndugu wa nyegere, niliwaeleza wawindaji, nao wakaleta ngozi ya nyegere wa kwetu. Sijui walimpataje, ila mmoja alichechemea. Nywele zilikuwa ngumu kama nyasi za paa, na harufu yake ilikaa bandani kiasi kwamba Saidi alihamishia cherehani yake upande wa pili wa baraza. Nyuzi za katani nazo nilizijaribu. Zinafaa kusugulia sufuria.

Mwishowe tulirudi kwa nguruwe. Familia nyingi za Mbozi zilifuga, na palipochinjwa tulipata singa za mgongoni bure. Tulizichemsha, tukazifunga kwa uzi, tukazishikiza kwa lami kwenye mpini wa mti. Hazikuwa za kupendeza lakini zilifanya kazi. Shida ikawa Saidi, pamoja na madereva Waislamu waliopita njia hiyo. Hapo zamani walikuwa hawaulizi. Brashi ilitoka dukani, na kitu kilichotoka dukani kilikuwa hakina mzazi. Sasa waliona singa zimetandazwa kwenye bati zikikauka.

Saidi hakugomba. Alikuja siku yake ya kawaida, akaketi, akasema, "Fundi Yotamu, leo nipake kwa mkono."

"Kwa mkono ndevu hazitaamka. Utapata vipele."

"Vipele ni vyangu. Nguruwe si wangu."

Yotamu akampaka kwa mkono, na vipele vikamtoka kweli. Shingo ya Saidi, ambayo tuliitunza miaka yote, iliharibika taratibu mbele ya macho yetu. Yeye hakulalamika, na hilo lilimsumbua Yotamu kuliko malalamiko. Aliulizia brashi isiyo ya nguruwe kwa kila dereva aliyevuka mpaka.

Ndipo alipokuja mchuuzi mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu mchangamfu anayechanganya Kiswahili na Kibemba, na mfuko wa brashi za mpini mwekundu.

"Nywele za farasi, mukwai, bwana wangu," akasema. "Hakuna nguruwe. Hata shehe anaweza kuzitumia."

Yotamu alizibonyeza, akazivuta, akazinusa. Zilikuwa ndefu, nyeusi, zenye unyumbufu mzuri. Mimi nilisema zinaonekana kama mkia wa ng'ombe. Mchuuzi akacheka, akasema farasi na ng'ombe ni majirani. Yotamu alichukua moja kwa ajili ya Saidi na wenzake. Mchuuzi akafunga mfuko wake, akasema anaelekea Ihanda, Isansa na Igamba, akaondoka akipiga mluzi.

Jioni ile Yotamu aliiloweka brashi katika maji ya moto na sabuni, kama alivyofanya kwa kila brashi mpya. Kuichemsha hasa hakuichemsha, na hakuna kinyozi ambaye angefanya hivyo kwa brashi ya dukani, maana gundi ingeyeyuka. Asubuhi akajinyoa nayo mwenyewe, kwa sababu alikuwa na desturi ya kutompaka mteja kwa brashi ambayo haijapita kwanza usoni mwake. Alijikwaruza kidogo chini ya taya. "Nzuri," akasema. "Saidi akija Ijumaa atafurahi."

Kabla ya Ijumaa alitokwa na kipele pale chini ya taya. Kiliwasha kama mahali palipoumwa na mbu. Kesho yake kikawa lengelenge, na kisha katikati kukawa na weusi, kama kaa lililozimwa, na shavu lote likavimba mpaka jicho la kushoto likafumba. Nilimwambia akapumzike. Yeye alikuwa amesimama mbele ya kioo, akikibonyeza kile cheusi kwa kidole.

"Lameki, njoo uone. Nabonyeza, hakiumi."

"Si afadhali, Fundi?"

"Nimefuga ng'ombe mimi. Kidonda kikubwa hivi kisichouma si cha kawaida."

Saidi aliacha suruali ya mtu katikati ya mshono, tukamshika Yotamu huku na huku mpaka zahanati. Dresa, yaani tabibu msaidizi wa pale, alikuwa mtu wa maneno machache. Alikitazama kidonda bila kukigusa.

"Umechuna ng'ombe aliyekufa?"

"Sijachuna."

"Umekula nyama ya mzoga?"

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Sikuuliza hilo. Umekula?"

"Sijala."

"Basi ni nini kimegusa hapo?"

Yotamu akajipapasa taya. Mimi bado sikuwa nimefikiri. Saidi ndiye aliyesema, polepole, akiwa anatazama sakafu: "Brashi."

Dresa alituambia ni kimeta, ugonjwa uleule unaoua ng'ombe ghafla, na kwamba nywele za mnyama aliyekufa nao zinaweza kuubeba muda mrefu. Akasimamisha lori lililokuwa likielekea Mbeya, akamwagiza dereva ampitishe mgonjwa hospitali ya misheni kule Mbozi. Nikapanda nyuma pamoja naye. Saidi alitaka kupanda pia; Yotamu akamwambia arudi akalinde banda, na asiguse kitu chenye mpini mwekundu.

Hospitalini walimpa vidonge na sindano. Homa ilipanda. Shingo ilivimba ikawa sawa na kichwa, na muuguzi akaniambia nje, bila kuzungukazunguka, kwamba uvimbe ukiendelea kushuka kwenye koo basi niwape habari watu wa kwake. Nikamtuma mtu aende kwa mkewe. Niliporudi ndani Yotamu alikuwa ameamka. Sauti yake ilitoka kwa shida.

"Zile nyingine ziko wapi?"

"Zipi?"

"Mfuko wa yule mtu. Zilikuwa nyingi."

Nilijua anakoelekea. Nikamwambia kwamba mchuuzi mwenyewe atakuwa amezimaliza, na kwamba tukitangaza kuwa brashi ya kinyozi imeleta kimeta, hakuna mtu atakayekaa tena kwenye kiti chetu. Watu hawatasikia neno "mchuuzi". Watasikia "banda la Yotamu".

"Hawatakaa," akakubali.

"Basi tungoje kwanza upone."

"Lameki, huko Ihanda kuna mtu anayepaka sabuni asubuhi hii." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nenda. Anza Tunduma. Sema jina langu, usiseme tu 'kinyozi mmoja'."

Nilikwenda. Nilisimama sokoni Tunduma nikasema, na Jumapili mchungaji aliniruhusu nikasema mbele ya ibada, na jumbe akapeleka habari kwa watu wake. Nilitaja jina la Yotamu kama alivyoniagiza. Watu wachache walileta brashi zao wakizishika kwa majani ya mgomba. Tulizichoma katika shimo pamoja na ile yetu, tukafukia majivu. Niliwaona baadhi wakinitazama mikono wakati wakiondoka.

Kisha nikapanda baiskeli. Kinyozi wa Ihanda alikuwa nayo moja na alikuwa hajaianza. Alinipa palepale, akanishukuru, akaninywesha chai. Mwenye duka wa Isansa alikuwa amezipanga dirishani kwa uzuri kabisa. Yeye alitaka kujua nani atamlipa. Nikamwambia simjui, lakini anayezipanga ndiye anayezishika, na mwenyewe akazitupa motoni mbele yangu kwa koleo la mkaa.

Igamba ndiko kulikokuwa na kazi. Mzee Haonga, mkulima wa kahawa, alikuwa amenunua moja kuwa zawadi kwa mwanawe aliyekuwa anaoa Jumamosi. Alinipokea vizuri, tukasalimiana kwa urefu unaostahili, mkewe akaleta uji. Nilipoeleza, akakunja uso.

"Wewe ni kinyozi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na brashi hii inamfanya mwanangu ajinyoe mwenyewe, asije kwa kinyozi."

"Baba, sikuja kutafuta mteja. Hata asije kwetu, sawa."

"Mimi nimeinusa. Haina harufu. Imefungwa kwenye kitambaa kipya, na Jumamosi ataitumia. Huyo mtu wako labda alikula nyama."

Nilijaribu tena, nikashindwa. Mkewe alisimama mlangoni akisikiliza, lakini kwenye mambo ya zawadi ya harusi hakutaka kumkatiza mumewe mbele ya mgeni. Hatimaye nilisema, "Baba, hospitali si mbali. Twende ukamwone. Ukishamwona, ukisema nirudi nyumbani, nitarudi."

Sijui kwa nini alikubali. Nadhani alitaka kunithibitishia mbele ya mkewe kwamba mimi ni mwongo. Tulikwenda kila mmoja na baiskeli yake. Pale wodini hakuvuka kizingiti. Alisimama akamtazama Yotamu kwa muda, ule weusi uliokuwa umetanda taya, lile jicho lililozama. Yotamu alijaribu kumsalimu kwa heshima, lakini sauti haikutoka, akainua mkono. Haonga naye akainua wake. Akageuka.

Tulipofika kwake aliingia ndani, akatoka na brashi ikining'inia kwenye ncha ya kijiti, ikiwa bado ndani ya kitambaa chake, akaitumbukiza jikoni motoni, kijiti na vyote. Halafu akaniambia, "Jumamosi asubuhi uje. Usilete brashi."

Nilikwenda nikamnyoa bwana harusi kwa povu la mkono, kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwa mtu mwingine. Mzee Haonga alisimama pembeni mikono kifuani tangu mwanzo mpaka nilipomfuta mwanawe, asibanduke hata alipoitwa na wageni.

Uvimbe wa Yotamu haukushuka kwenye koo. Homa ilikaa, ikapungua, na ile sehemu nyeusi ikabanduka yenyewe ikaacha kovu lililovuta pembe ya mdomo chini, kwa hiyo tangu hapo alionekana kama mtu asiyeridhika hata alipokuwa anacheka. Alirudi Tunduma amekonda.

Banda lilikuwa tupu. Kila nilichomwambia kilitimia. Madereva walivuka wakanyolewa ng'ambo. Makarani walinisalimu kwa mbali. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi karibu nasi alisogeza sinia lake hadi upande wa pili wa barabara, na akaja kuomba radhi kwa kufanya hivyo, akiwa amesimama palepale upande wa pili. Nilianza kufikiri kurudi kwenye mizigo. Nilimwomba Yotamu walau akae ndani, asikae barabarani watu wakaliona kovu.

"Wataniuliza ni nini," akasema, "nami nitawaambia."

"Ndilo ninaloogopa, Fundi."

"Yule mtu bado yuko njiani na mfuko wake. Asiyeuliza ndiye atakayenunua."

Akaweka kigoda chake mbele kabisa, karibu na malori, na kila aliyemkodolea macho alielezwa habari yote tangu mwanzo. Wengine walimshukuru. Hakuna aliyeketi.

Siku zile cherehani ya Saidi ilikuwa ikisimama katikati ya kazi. Siku moja aliniuliza kama Yotamu amewahi kusema kwamba brashi ile ilikuwa kwa ajili yake. Nikamwambia hajawahi kusema. "Hatasema," akajibu, akaendelea kushona.

Ilipokuja Idd alichinja mbuzi wake. Alizichagua nywele ndefu za ndevu na za mgongoni, akazichemsha katika debe nyuma ya nyumba, akazianika, akazichemsha tena, mpaka mkewe akauliza kama anapika mchuzi wa wendawazimu. Akazifunga kwa uzi wa kushonea makoti, mafundo madogomadogo ambayo sijaona kinyozi akiyafunga vile, akazishikiza kwa lami kwenye kipande cha mti alichokichonga mwenyewe. Alikuwa mshonaji mzuri kuliko alivyokuwa mchongaji, mpini ulipinda.

Siku ya soko, barabara ikiwa imejaa, aliifunika cherehani, akavuka baraza, akaketi kwenye kiti chetu. Akaitoa brashi mfukoni, akainyoosha kwa Yotamu, si kwangu.

"Nipake."

Yotamu hakuipokea. "Saidi, mkono wangu bado hauna nguvu. Lameki atakunyoa."

"Wembe ashike Lameki. Brashi shika wewe."

"Watu wanatazama."

"Ndiyo maana nimevaa kanzu nzuri. Nipake, Fundi."

Nilichemsha maji. Yotamu alilowesha brashi, akaikung'uta, akaanza kuizungusha kwenye kibakuli, taratibu sana. Kelele za sokoni zilipungua upande wetu. Waliokuwa wakipima mahindi waliacha kupima. Povu lilipopanda, akalipeleka kwenye ile shingo iliyoharibiwa na vipele, akaizungusha huku na huku. Saidi alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Yotamu hakuharakisha. Nilimnyoa. Nilipomfuta, akajipapasa shavu, akasimama, akazunguka taratibu ili pande zote za soko zimwone.

Akafunua cherehani yake akaendelea na kazi.

Kitambo kikapita. Nilikuwa nikiosha wembe nilipoona kivuli kikinifunika. Alikuwa dereva wa lori, amevua kofia, anaitazama ile brashi iliyopinda.

"Hiyo ni ya mnyama gani?" akauliza.

"Ya mbuzi," Yotamu akajibu. "Imechemshwa mara mbili. Kovu hili lilitokana na nyingine, ukitaka nitakueleza."

"Utanieleza huku unanipaka," dereva akasema, akaketi.

Nyuma yake alikuja karani, na nyuma ya karani wakulima wawili wa Mbozi waliokuwa wakibishana ni nani aliyetangulia. Siku ile tulifunga jua likiwa bado juu, kwa sababu sabuni ilikuwa imekwisha.